Roja ya Kitamil au Roja ya Kihindi: ipi nimwekee bi mkubwa?

Upande_B
Habari za jioni wadau. Naomba mnisaidie jambo ambalo mke wangu ananicheka nalo wiki nzima sasa. Mama yangu yuko Tanga, mwezi ujao anatimiza miaka 60, nimemnunulia redio ile ya kuchomeka flashi maana simu za kugusagusa hataki hata kuziona. Nataka flashi iwe na albamu moja tu, asihangaike na vitufe, akiwasha iimbe mpaka achoke mwenyewe. Na albamu naijua, ni Roja. Kanda yake ilikuwepo nyumbani tangu niko la pili, kava limechanika, ikijikunja tunaizungusha kwa kalamu. Mimi na dadangu tuliamini kabisa ule wimbo wa kwanza unamwimba Asha mtoto wa jirani, maana yule mwanamama kila akivuta pumzi anasema aasha, na Asha mwenyewe alikuwa anatembea kifua mbele mtaa mzima.

Sasa juzi ndo nagundua kanda yetu ilikuwa ya Kihindi na hicho Kihindi kilipachikwa baadaye. Muvi yenyewe ni ya Kitamil, lugha ya kusini mwa India, mwongozaji ni Mani Ratnam, ilitoka tarehe 15 Agosti 1992, na ndo kazi ya kwanza ya mtunzi wa muziki A. R. Rahman kwenye muvi. Kwa hiyo nina A, Roja ya Kitamil yenyewe. B, ya Kihindi, ile ya kanda yetu. Alafu kuna jamaa wa kazini kanichanganya zaidi, anasema achana na zote mchukulie C, Bombay ya 1995, timu ileile.

Nimezisikiliza zote kwenye daladala. Wimbo wa Asha (Kitamil unaitwa Chinna Chinna Aasai, Kihindi Dil Hai Chhota Sa) kaimba Minmini huko na huko, kwa hiyo pale hakuna bifu. Ila ule wa theluji, kwenye Kitamil wapo Unni Menon na Sujatha, kwenye Kihindi wamekaa S. P. Balasubrahmanyam na Chithra, yaani ni kama umegonga mlango wa jirani unayemjua akatoka mtu mwingine kavaa kanga yake. Muziki uleule, nyumba ileile, lakini siyo yeye. Nimeshindwa kuamua. Nipeni neno.

chizi_wa_besi
Kitamil. Uzi ufungwe.

Haya ngoja nieleze maana nitaambiwa nina majivuno. Mkuu usisikilize maneno kwanza, sikiliza nafasi iliyopo kati ya vyombo. Mwaka 1992 nyimbo nyingi za muvi za India zilikuwa zimejaa mpaka mlangoni, wapiga fidla hamsini wote wanapiga kwa pamoja, sauti ya mwimbaji iko juu inalia kama filimbi ya refa. Huyu Rahman, kijana wa miaka 25, amekuja na vinanda vya umeme na kompyuta kwenye studio yake ya nyumbani pale Kodambakkam, Madras ya enzi zile, Chennai ya sasa, akapunguza. Ule wimbo wa Asha besi inatembea kivyakevyake kama ya rege, anaiacha peke yake, humsikii mtu anamkimbilia mwenzie. Kabla ya hapo alikuwa anapiga kinanda kwenye bendi za watunzi wengine na kutengeneza nyimbo za matangazo ya biashara, na kwa Roja alilipwa rupia 25,000. Ikampa tuzo ya taifa ya India ya utunzi wa muziki ya mwaka huohuo. Albamu ya kwanza bana.

Sasa kwa nini Kitamil: kwa sababu melodi ilikatwa na kushonwa kwa silabi za Kitamil. Kihindi walikuja kuvaa nguo ya mtu mwingine. Inakaa, sikatai, lakini begani inavuta. Alafu ule wimbo wa Rukkumani, jamani, Kitamil ni SPB (huyo Balasubrahmanyam) na Chithra wanaiimba ikiwa na chumvi yake yote, Kihindi wakampa Baba Sehgal, yule rapa, na Shweta Shetty. Mimi pale huwa naruka.

MamaSaumu
Mwanangu Upande_B hongera kwa kumkumbuka mzazi. Ila huyu chizi asikuburuze. Unampa mama zawadi au unampa mtihani? Mama anaijua ya Kihindi, kila pumzi anajua iko wapi, umpelekee ya Kitamil atadhani redio mbovu.

Alafu kuna jambo hamlisemi, Kihindi masikioni mwetu si kigeni sana. Dunia kwao duniya, wakati ni waqt, kitabu ni kitab, yote yametokea kulekule Uarabuni yakagawanyika njiani, meli moja ikaja kwetu nyingine ikaenda kwao. Ukikaa na nyimbo zao unaokota neno hapa neno pale unajiona unaelewa. Kitamil siokoti hata moja. Sisi wa Mombasa tumekulia hapo, marehemu Juma Bhalo alikuwa anachukua tuni ya muvi ya Kihindi anaitia mashairi ya Kiswahili, watu wanalia ukumbini, na hakuna aliyeuliza ya asili iko wapi. Wimbo ukishaingia nyumba ya mtu ni wa nyumba hiyo.

chizi_wa_besi
Shikamoo mama. Sasa si umenipa pointi wewe mwenyewe? Bhalo alitunga upya kabisa, mashairi yake yalikuwa yanasimama. Hawa wa Roja ya Kihindi walitafuta maneno ya kufanana na midomo ya wachezaji wa muvi.

MamaSaumu
Marahaba. Na midomo haina haki yake?

SaidRuwi
Assalaam alaykum jamaa. Mimi ni mtu wa Wete lakini riziki iko Maskati, nakaa Ruwi, na kazini meza ya pili yangu kuna Mtamil wa Madurai. Nimeuona uzi nikamtilia wimbo sikioni nikamwambia nifasirie, yakhe tumekaa mpaka chai ikapoa.

Ule wimbo wa theluji. Kitamil unaitwa Pudhu Vellai Mazhai. Pudhu ni mpya, vellai nyeupe, mazhai mvua. Mvua mpya nyeupe. Muvi inahusu msichana wa kijijini Tamil Nadu ameolewa, kapelekwa Kashmir kwa kazi ya mumewe, hajapata kuona theluji maishani mwake, na kule kwao joto kama kwetu tu. Basi Vairamuthu aliyetunga maneno hakumpa jina la kitabuni, kampa mvua nyeupe, maana ndivyo angesema mtu asiyeijua. Sisi watu wa Pemba barafu tunayoijua ni ya ndani ya gilasi, basi mie nilielewa palepale.

Sasa Kihindi wanasema Yeh Haseen Vadiyan, mabonde haya mazuri. Vadiyan ni wadi hiyohiyo, huku Omani kila mvua ikinyesha tunaambiwa msipite wadi limejaa, na haseen imetoka kwenye husni, uzuri. Maneno matamu, Bi Saumu kasema kweli, nimeyaokota bila mkalimani. Lakini yule bibi harusi aliyeshangaa kapotea, kabaki mtalii anasifu mandhari. (Na wala si Kashmir, kule kulikuwa hakuendeki kwa vita, theluji walikwenda kuifata Manali.)

Upande_B
Said umenimaliza. Nimeusikiliza tena sasa hivi nikiwa najua ni mvua nyeupe, ile sehemu sauti ya kike inaingia polepole nimesisimka. Kwa hiyo na wimbo wa Asha unasemaje? Niambie tu ukweli, tuna watu wa kuwaomba radhi.

SaidRuwi
Aasai kwa Kitamil ni hamu, tamaa. Chinna ni dogo. Hamu ndogo ndogo. Msichana anataja vitu anavyovitamani, hadai nyumba wala dhahabu. Vairamuthu alipata tuzo ya taifa kwa maneno hayo. Yule wa Kihindi, P. K. Mishra, kafanya ujanja, kaona mdomo wa mcheza muvi unasema aasai basi kamwekea aasha, ambayo kwao ni tumaini. Moyo ni mdogo, tumaini ni dogo. Mdomo hauoni tofauti. Asha wenu ni tumaini basi, si jina baya.

chizi_wa_besi
Hapo kwenye aasai na aasha naomba nikiri, huyo Mishra kacheza. Sikuwahi kuona hivyo.

BarakaNax
Wasee niko Nakuru na mimi ni team C, mbona hamuongei kuhusu Bombay? Roja ni nzuri lakini ni mtu anajaribu mlango, Bombay ashaingia na viatu. Wimbo wa Uyire wa Hariharan na Chithra, acheni tu, kwa muvi Arvind Swamy amesimama kwa ile ngome ya Bekal kule Kerala mvua inanyesha mawimbi yanapiga na Manisha Koirala anakuja anakimbia, mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu nikajua mapenzi ni kazi ngumu. Na Kannalane, Chithra ameiimba lugha zote mbili so kwa hiyo hupotezi kitu. Alafu kuna ile theme haina maneno hata moja, filimbi ya Naveen Kumar tu na fidla nyuma. Hiyo unampea mtu yeyote. Ilitumika hadi kwa Lord of War ya Nicolas Cage 2005, wazungu walikuwa wanauliza hii ni ya nani. Mama hahitaji Kitamil wala Kihindi hapo.

Na usichukue Humma Humma ya kurudiwa, kuna ile ya OK Jaanu ya 2017, wameiosha mpaka rangi imetoka.

Upande_B
Bombay nimeisikiliza mkuu, ni nzito. Ile theme nimeirudia mara nne. Ila ni nzito kweli, muvi ya machafuko ya Wahindu na Waislamu wa 1992 na 1993, na muziki umebeba ile huzuni. Mama anapikia maandazi asubuhi na hiyo redio. Sitaki unga uingie machozi.

dogo_wa_kanda_ya_ziwa
Wakubwa shikamooni. Mimi hizo kanda sikuzikuta, nyimbo za Kitamil nimeingizwa na TikTok, yule Mmasai wetu Kili Paul ndo alinifanya nianze kutafuta. Sasa hizi za mtunzi Anirudh, Kaavaalaa ya muvi ya Jailer 2023, Vaathi Coming, alafu Rowdy Baby ya Dhanush ya Yuvan Shankar Raja imevuka bilioni YouTube. Nauliza tu bila kukosea adabu, hizo haziwezi kuingia kwenye ushindani? Roja nimeisikiliza leo ni nzuri ila inalala.

chizi_wa_besi
Marahaba dogo. Inalala eeh. Nenda kasikilize muvi ya Kadhalan ya 1994, Rahman huyohuyo, wimbo wa Mukkala Mukabula, Prabhu Deva anacheza mpaka mwili unatoweka zinabaki nguo na kofia zinacheza zenyewe. Hiyo ndo babu yake Rowdy Baby, na hata dansi ya Rowdy Baby kaipanga Prabhu Deva. Alafu uje hapa.

Lakini tofauti ipo, na si uzee wangu. Hizo za sasa unapata wimbo mmoja mkubwa na nyingine za kujazia. Roja ina nyimbo tano tu za msingi na hakuna wa kujazia. Unaweka flashi unaondoka.

dogo_wa_kanda_ya_ziwa
Nimeenda. Nimerudi. Naomba radhi kwa wote.

SaidRuwi
Mtamil wangu leo kaniuliza mjadala umefikia wapi nikamwambia kuna A, B na C, kacheka, kasema zote tupa. Kwake yeye Mani Ratnam aliishia kwa mtunzi Ilaiyaraaja na muvi ya Thalapathi ya 1991, kabla hajamchukua Rahman. Anasema ule wimbo Rakkamma Kaiya Thattu, wa SPB na Swarnalatha, BBC ilipopigisha kura ya nyimbo pendwa za dunia mwaka 2002 ulishika nafasi ya nne. Nikamwambia basi nawapelekea. Akasema wapelekee na waambie Rahman mwenyewe alimpigia kinanda Ilaiyaraaja. Huko kwao ni kama Simba na Yanga, nimenyamaza nimerudi kwenye mahesabu yangu.

MamaSaumu
Said mwulize huyo rafiki yako ule Rukkumani unasema nini, maana kuna bibi vizee wanacheza pale na macho yao si ya bure.

SaidRuwi
Bi Saumu nimemuuliza akaona haya kidogo. Ni usiku wa harusi, wazee wa kike wa kijiji wako nje wanamuuliza bibi harusi, Rukkumani, hapo jirani kuna sauti gani?

MamaSaumu
Nilijua! Huo ni wimbo wa kungwi kabisa. Upande_B mwanangu, huo uwepo kwenye flashi kwa lugha yoyote ile, mamaako ataelewa bila kufasiriwa.

mwl_Mstaafu
Nimepita kimya nimeona mmeuruka wimbo mmoja ambao ndo unaonyesha tofauti kubwa kuliko yote. Hariharan kaimba mwenyewe kote kuwili. Kitamil unaanza Thamizha Thamizha, yaani ewe Mtamil, ewe Mtamil. Kihindi ni Bharat Humko Jaan Se Pyara Hai, India twaipenda kuliko roho zetu. Sasa angalieni nani anasemeshwa. Kitamil ni mtu wa kusini anamshika mwenzake mkono anamwambia kesho ni yetu na nchi hii nayo ni yetu, na ukijua huko kusini wameshapigana sana kukataa kulazimishwa Kihindi, mwaka 1965 watu walikufa kwa hilo, unaona kwamba ule ni wimbo wenye kazi ngumu, unambembeleza mtu ambaye hajakubali. Kihindi kazi hiyo haipo tena, kila mtu ashakubali, umebaki wimbo wa paredi. Mzuri, lakini wa paredi.

Na kwa kuwa mmegusa Bombay, semeni na hili. Roja kama muvi iliwaudhi watu wengi kwa jinsi ilivyowachora Waislamu wa Kashmir, na mimi ni mmoja wao. Muziki nausikiliza, muvi siirudii.

MamaSaumu
Mwalimu hapo umesema. Nami muvi nilitoka katikati. Nyimbo lakini nilinunua.

chizi_wa_besi
Haya na mimi nilegeze kidogo kabla uzi haujafa. Kuna wimbo mmoja ambao naukubali hata kwa Kihindi, ule wa Roja mwenyewe. Kitamil Kadhal Rojave, ewe waridi la mapenzi, roja kwao ni waridi na ni jina la mke, mume katekwa huko milimani anamwita mkewe na anaita ua kwa pumzi moja. Kihindi waridi ni gulab, kwa hiyo Roja linabaki jina tu, ua limekauka. Lakini SPB yupo kote kuwili na ile sauti jamani haijali lugha, inaingia tu. Bi mkubwa lazima anamjua huyo, ndo sauti ya Salman Khan kwenye nyimbo za muvi ya Maine Pyar Kiya. Alifariki Septemba 2020 nikakaa ndani siku nzima, nyumbani wanauliza nimefiwa na nani nashindwa kueleza.

BarakaNax
Pole msee. Bado Bombay lakini.

Upande_B
MREJESHO, maana mmenidai pm.

Nimerudi kutoka Tanga jana. Niliweka B mwanzo halafu A nyuma yake, nikasema ikiisha ya Kihindi iingie ya Kitamil yenyewe, nione atafanyaje. Chizi samahani. Asubuhi mama kawasha, wimbo wa kwanza tu kaacha kukanda unga kasimama mikono meupe, kaimba wote, na maneno yote anayakosea vilevile kama zamani. Ilipofika Rukmani kasema hapa kuna mtu anabwabwaja, kwa hiyo chizi mmekubaliana na mama kwenye hilo. Ikaja sehemu ya Kitamil nikakaa mkao wa kusikiliza. Chinna Chinna Aasai ikaanza, kanyamaza, kisha akaniuliza huyu mtoto mbona leo anaimba kwa kuona haya? Sauti ileile ya Minmini, muziki uleule, na mama hajui Kitamil hata kidogo. Nikamwambia anataja hamu zake ndogo ndogo. Akasema eeh, ndo inasikika hivyo.

Rukkumani ya SPB nikamweleza bibi vizee wanauliza nini. Amecheka mpaka kikohozi. Kaomba irudiwe mara tatu, wageni walipofika kawaeleza wote, na maelezo yake yalizidi yangu.

Jioni Asha akaja kumsalimia, sasa hivi ana watoto wanne na duka la vitenge. Nikajiona mjuaji nikamwambia Asha, bwana, kumbe ule wimbo haukuwa wako, Kitamil ni hamu, Kihindi ni tumaini. Akaniangalia vile. Akasema miaka yote hii ameolewa akijua ana wimbo, mumewe anajua ana wimbo, leo nimtoe mimi kwa habari za watu wa Madurai? Akachomoa flashi kwenye redio akaitia kwenye pochi akaaga.

Kwa hiyo natafuta flashi nyingine, na Said naomba umwambie rafiki yako anitumie jina zima la ile Thalapathi.